Dai la hifadhi limegonga mwamba Uingereza na unataka kurudia: mwongozo kamili wa freshi kleimu, JR, na pale mahakama inaposema unachezea mchakato

Niseme mapema, haya yote ni ya Uingereza, hasa England na Wales. Scotland JR (mapitio ya mahakama, nitaieleza hapa chini) inaenda Court of Session, mahakama yao ya huko, Northern Ireland wana Mahakama Kuu yao, na walioko Ubelgiji, Ujerumani au Ireland sheria zao za kurudia ombi ni nyingine, msichukue hatua za huku mkazipeleka kule. Na hii haichukui nafasi ya wakili, ni ya kukusaidia ukikaa mbele ya wakili ujue anaongelea nini, na ukikaa mbele ya tapeli umjue kabla hujatoa hela.

Ninayemwandikia ni mtu ambaye aliomba hifadhi, Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza) wakakataa, akaenda First-tier Tribunal (traibyuno ya kwanza ya rufaa) jaji hakumwamini, akaomba ruhusa ya kwenda Upper Tribunal (traibyuno ya juu yake) ikakataliwa, sasa ana barua mkononi inasema haki zake za rufaa zimeisha. Zamani hapo palikuwa na upenyo mmoja, unachukua ule uamuzi wa Upper Tribunal wa kukunyima ruhusa unaupeleka Mahakama Kuu, waliita Cart kutokana na kesi ya 2011. Bunge waliuziba kwa sheria ya 2022, kuanzia Julai mwaka ule, imebaki mianya midogo sana ambayo wakili yeyote mkweli atakwambia usiitegemee. Kwa hiyo kilichobaki ni kupeleka maelezo ya ziada Home Office, hiyo ambayo mtaani tunaiita freshi kleimu, na wakiikataa, mapitio ya mahakama, yaani JR.

Kitu kimoja kikae kichwani kabla ya hatua yoyote: JR sio rufaa. Jaji wa JR hakai kuamua kama wewe unasema kweli au unadanganya, hakuiti usimulie ulivyopigwa au ulivyokimbia, anaangalia tu kama Home Office walipokuwa wanasoma karatasi zako walijiuliza swali sahihi na wakafika kwenye jibu ambalo mtu wa akili timamu angeweza kulifikia. Mtanzania mmoja, kwenye rekodi za mahakama anaitwa MN tu, alijaribu 2011 kuishawishi Mahakama ya Rufaa kwamba jaji aamue mwenyewe kama dai jipya lina nafasi, mahakama ikagoma ikabaki na kile kipimo cha zamani. Maana yake ni kwamba kesi yako inasimama au inaanguka kwenye kile ulichoweka ndani ya bahasha ya Home Office. Ushahidi ambao hukuwapelekea huwezi kwenda kuutoa mfukoni mbele ya jaji halafu ulalamike kwamba hawakuusoma.

Swali lenyewe wanalotakiwa kujiuliza

Liko aya ya 353 ya Kanuni za Uhamiaji, na ukiielewa hii umeelewa nusu ya mchezo. Home Office kwanza wanaangalia kama maelezo yako mapya yanatosha wakupe hifadhi. Wakiona hayatoshi wanajiuliza la pili: haya ni dai jipya au ni yale yale? Yatahesabika dai jipya kama, moja, hayajawahi kuangaliwa kabla, na mbili, ukiyachanganya na yale ya zamani yanaleta nafasi halisi ya kushinda mbele ya jaji, hata kama wao wenyewe wameyakataa.

Hiyo "hata kama wao wameyakataa" ndio pumzi yako. Kesi iliyoweka msingi ni ya Mkongomani, WM, Mahakama ya Rufaa mwaka 2006, na walichosema kwa lugha rahisi ni kwamba ofisa anaweza kuanza na maoni yake mwenyewe lakini hayo ni mwanzo tu, lazima atoke hapo ajiulize: jaji mwingine wa traibyuno, akiangalia kwa umakini mkubwa unaostahili jambo la uhai wa mtu, anaweza akaona huyu yuko hatarini? Kipimo hicho ni cha chini. Hautakiwi kuonyesha kwamba utashinda, unatakiwa kuonyesha kwamba nafasi ipo na sio ya kubuni. Barua nyingi za Home Office zinaharibika hapa hapa, ofisa anaandika aya kumi kuonyesha kwamba yeye haamini, kisha mstari mmoja wa mwisho "kwa hiyo hakuna nafasi halisi". Weka alama kwenye hilo, tutalirudia kwenye hatua ya JR.

Hatua ya 1: Kusanya faili lako lote

Usianze kuandika chochote kabla hujapata karatasi za zamani. Unahitaji mahojiano ya kwanza ya pale ulipofika, mahojiano marefu, barua ya kukataliwa, hukumu ya jaji wa First-tier, na maamuzi yote ya kunyimwa ruhusa. Wakili wako wa zamani anatakiwa kukupa faili ukiliomba kwa maandishi. Kama amepotea au anazungusha, omba nakala ya taarifa zako Home Office kwa haki ya ulinzi wa data, ni bure, na kisheria wana mwezi mmoja kujibu ingawa wanaweza kuongeza muda. Najua watu wanakuja kwa wakili mpya na barua moja tu iliyokunjwa kunjwa wanasema "hizo zingine nilihama nikaziacha". Bila hukumu ya jaji wakili mwenye akili hawezi hata kukwambia kama una kesi.

Hatua ya 2: Kaa na ile hukumu iliyokuumiza

Hii ndio hatua watu wanairuka, na kwa maoni yangu ndio inayotofautisha freshi kleimu ya maana na karatasi za kupotezea muda. Kuna kanuni wanaiita Devaseelan, ya mwaka 2002, utaikuta imeandikwa kwenye barua yako ya kukataliwa. Inasema alichoamua jaji wa kwanza ndio mahali pa kuanzia. Hakijafungwa na kufuli, lakini kama hujaleta kitu cha kukitikisa kinabaki pale pale, na kurudia story ile ile kwa sauti kubwa zaidi hakukitikisi.

Kwa hiyo chukua karatasi, piga mistari minne. Safu ya kwanza namba ya aya ya hukumu, ya pili jaji alisema nini, ya tatu nina nini kipya kinachojibu hiyo, ya nne kwa nini hicho kitu hakikuwepo mwanzo. Tuseme (mfano wa kutunga) ni mtu wa Uvira, mashariki mwa Congo. Aya ya 31 jaji anasema hakubali kwamba alikuwa mwanachama wa chama kwa sababu kadi haina tarehe na hakujua jina la kiongozi wa tawi. Aya ya 34 anasema hati ya kuitwa polisi haina uzito kwa sababu haikuelezwa imefikaje Uingereza. Aya ya 38 anasema hata kama ingekuwa kweli, angeweza kwenda kuishi Kinshasa. Sasa huyu ndugu ametafuta barua mpya ya chama, safi, inajibu 31. Anaona amemaliza. Lakini 34 na 38 hajazigusa, na 38 peke yake inatosha kumwangusha hata barua ikiaminiwa asilimia mia. Ukijaza hilo jedwali na ukaona safu ya tatu ina mapengo, bado hujawa tayari kutuma.

Hatua ya 3: Amua kipya chako ni cha aina gani

Kuna upya wa aina tatu hivi. Nchi imebadilika, wewe umebadilika, au ushahidi wa mambo ya zamani umepatikana sasa.

Nchi kubadilika ndio watu wanaikimbilia na ndio wanaielewa vibaya. Congo, waasi wa M23 walichukua Goma mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, hilo halina ubishi na Home Office hawatabishana nawe juu ya hilo. Watakachosema ni kwamba wewe jaji hakuamini kwamba unatoka Kivu, au kwamba Kinshasa ipo. Uganda, sheria ya kupinga ushoga ya 2023 imeongeza adhabu hadi kifo kwa makosa fulani, hiyo ni hatari mpya kwa mtu aliyeaminiwa kwamba ni shoga au msagaji, lakini kama jaji wako alisema hakuamini kabisa, sheria mpya haimgusi mtu ambaye kwa hukumu ile sio shoga, lazima kwanza ulete ushahidi wa kutikisa lile la kuaminiwa. Watanzania nao baada ya yale ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wengi wanauliza, jibu ni lile lile: kuwa Mtanzania peke yake hakutoshi, onyesha wewe kwa jina na kwa matendo unaangukia kundi gani na nani anakujua.

Wewe kubadilika ni kama umekuwa mwanaharakati ukiwa huku, umebadili dini, umepata mtoto, ugonjwa umegundulika. Inakubalika kisheria, hata kama huku ndio ulianzia. Ila kwa wale wanaotegemea Facebook, Upper Tribunal ilitoa mwongozo 2022 kwenye kesi ya Muirani, XX, kwamba skrinshoti zilizochapishwa zina uzito mdogo sana kwa sababu ni rahisi kuzichezea. Ukitaka posti zako zihesabike pakua data yote ya akaunti yako kutoka kwenye mipangilio ya Facebook yenyewe, faili zima na historia yake, uwape waikague. Picha kumi za wewe umeshika bango nje ya ubalozi ni nzuri, ila waeleze pia serikali ya kwenu itazionaje.

Aina ya tatu, ushahidi mpya wa mambo ya zamani, ndio mgumu kuliko yote kwa sababu swali la kwanza litakuwa ulikuwa wapi siku zote.

Hatua ya 4: Andaa ushahidi kama mtu anayejua hataaminiwa

Hati. Kanuni toka 2002 ni kwamba wewe ndio unatakiwa kuonyesha kwamba hati inategemeka, Home Office hawalazimiki kuthibitisha kwamba ni feki. Kwa hiyo hati haitembei peke yake. Ile hati ya polisi kutoka Uvira inakwenda na bahasha ya DHL iliyokuja nayo (usitupe bahasha jamani, ile stika ya namba ya mzigo ni ushahidi), na maelezo ya binamu aliyeichukua yenye sahihi na nakala ya kitambulisho chake, anaeleza aliipata ofisi gani, siku gani, alimpa nani, alilipa au hakulipa. Kama alihonga mtu aseme alihonga, kuliko kunyamaza halafu ionekane imedondoka toka mbinguni.

Voisi noti za WhatsApp. Watu wanaandika tu "dada yangu alinipigia akaniambia wanakutafuta". Hifadhi ile sauti kwenye simu, usifute chati hata kama simu imejaa, andika maneno yote kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, kisha tafsiri ya Kiingereza ya mkalimani anayesaini kwamba ni tafsiri sahihi na kuweka jina na sifa zake. Onyesha namba iliyotuma na tarehe. Na dada mwenyewe aandike maelezo yake, maana sauti bila mtu nyuma yake inaweza kuwa ya yeyote.

Daktari. Kama una makovu au usingizi umekutoka kwa yaliyokupata, ripoti ya GP (daktari wako wa kawaida wa mtaani) ya mistari mitatu haitoshi. Inatakiwa ripoti ya daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul (mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza dalili za mateso), anayesema kovu hili linaendana kiasi gani na maelezo haya. Mashirika ya Freedom from Torture na Helen Bamber Foundation wanafanya kazi hiyo ila foleni ni ndefu, waulizeni mapema. Na mjue Mahakama ya Rufaa ilisema 2005, kesi ya Mkongomani tena, kwamba huwezi kuamua kwanza mtu ni muongo halafu ndio uisome ripoti ya daktari na kuitupa kwa sababu mtu ni muongo, lazima vyote vipimwe pamoja. Home Office wanavunja hii mara kwa mara. Ukiiona kwenye barua yako, piga mstari.

Lugha na asili. Wabajuni mnaijua hii vizuri, mtu anaambiwa wewe sio wa visiwa vya Somalia, sio wa Chula wala Koyama, wewe ni wa pwani ya Kenya, kwa sababu ya lafudhi au kwa sababu alijibu vibaya swali la kisiwa. Kama ulikataliwa kwa ripoti ya uchambuzi wa lugha, tafuta mtaalamu huru anayekijua Kibajuni kweli kweli. Supreme Court, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 2014, kesi za MN na KY kutoka Scotland (huyu MN sio yule Mtanzania), ilikosoa ripoti ambazo mchambuzi alitoka kwenye lugha akaanza kutoa maoni ya kama mtu anaifahamu nchi yake au la. Isome ripoti yako uone kama imevuka mpaka huo.

Na kama tatizo lilikuwa wakili wa zamani, hakupeleka hati uliyompa au hakutokea siku ya kesi, usilitaje hivi hivi tu. Lazima umwandikie yeye kwanza shutuma zako, umpe nafasi ajibu, na barua zote mbili ziingie kwenye bahasha. Bila hivyo jaji hatalipa uzito wowote, hiyo ni kanuni toka 2004 na inafuatwa.

Hatua ya 5: Barua na kutuma

Barua ya kufunika isiwe risala. Aya kwa aya: jaji alisema hivi, kipya ni hiki ukurasa wa ngapi, hakikuwepo kwa sababu hii, ukichanganya na ya zamani kinabadilisha hili. Namba kurasa zote. Kila kitu kisicho cha Kiingereza kitafsiriwe.

Kuanzia Machi 2015 ilikuwa lazima uende mwenyewe Liverpool kukabidhi, watu walikuwa wanatoka Plymouth na Glasgow kwa basi usiku kucha, korona ikaja ikafungua njia ya imeili na posta. Maelekezo yanabadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali wiki hiyo hiyo unayotuma, jaza fomu yao, na baki na uthibitisho wa kupokelewa. Kanuni ya 353A inasema hawatakiwi kukuondoa nchini kabla hawajayaangalia maelezo yako, hivyo ile risiti ibebe unapoenda kuripoti. Kama huna pa kulala na freshi kleimu yako inasubiri jibu, uliza kuhusu msaada wa section 4 (wa waliokataliwa hifadhi), nyumba na kadi ya ASPEN ya kununulia mahitaji, wengi wana haki nayo na hawajui.

Hatua ya 6: Majibu yanakuja ya aina tatu

Wanakupa hifadhi, shukuru Mungu. Au wanakataa lakini wanakubali ni dai jipya, hapo umepata haki ya rufaa First-tier Tribunal upya, una siku 14 tu. Au wanakataa na wanasema sio dai jipya, hapo hakuna rufaa, Supreme Court ilishalimaliza hilo 2019. Kuna pia cheti cha section 96, wanasema jambo hili ungeweza kulileta mapema ulipopewa notisi ya kutaja sababu zako zote na hukulileta na huna maelezo ya maana, nacho kinaua rufaa. Kwa zote mbili hizi za mwisho silaha ni JR.

Hatua ya 7: JR

Saa inaanza kutembea tarehe ya uamuzi. Sheria inasema haraka, na kwa vyovyote sio zaidi ya miezi 3. Msiichukulie hiyo miezi 3 kama ruhusa ya kulala. Kwanza unaandika barua ya kabla ya kesi, unawaambia Home Office kosa lao ni nini na unataka nini, kawaida unawapa siku 14. Mara nyingine wanajiona wamekosea wanaondoa uamuzi hapo hapo bila kesi.

Wasipokubali, fomu T480 inaenda Upper Tribunal, sio Mahakama Kuu kama zamani, kesi za freshi kleimu zilihamishiwa huko toka Oktoba 2011. Kuna ada, kama huna kipato jaza fomu ya kuomba msamaha wa ada. Ukishafungua una siku 9 kuwapa Home Office nakala, wao wana siku 21 kujibu. Halafu jaji anasoma karatasi bila wewe kuwepo, anaamua kama anatoa ruhusa kesi isikilizwe. Akikataa unaweza kuomba usikilizwe kwa mdomo ndani ya siku 9 toka uamuzi ulipotumwa, toka ulipotumwa, sio toka ulipofungua bahasha.

Kwenye sababu zako usiandike "naogopa kurudi nyumbani". Jaji anajua unaogopa. Andika makosa: aya ya 17 ya barua haitaji kabisa ripoti ya daktari. Aya ya 20 inaipima hati peke yake bila kuichanganya na maelezo ya binamu. Aya ya 22 inauliza kama dai litashinda, badala ya kama lina nafasi halisi mbele ya jaji. Aya ya 25 inachukua maoni ya ofisa kama mwisho wa safari wakati WM inasema ni mwanzo. Sababu tatu zenye nguvu zinatosha, majaji wanachoka na kumi na tano.

Sasa angalia muhuri mmoja hatari, "haina msingi kabisa". Jaji akiigonga kesi yako hiyo, haki ya kusikilizwa kwa mdomo imekufa, kinabaki kuomba Mahakama ya Rufaa kwa karatasi. Na haitaki uwe umefanya ujanja wowote, Mahakama ya Rufaa ilisema 2014 kwamba maana yake ni kesi ambayo lazima ianguke, basi. Halafu kuna gharama. Ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za Home Office, na deni hilo lisipolipwa wanaweza kulitumia kukunyima viza au makaratasi mengine huko mbele.

Hatua ya 8: Kama tayari una tikiti ya ndege

Kufungua JR hakusimamishi ndege moja kwa moja. Kama JR au rufaa nyingine iliisha karibuni kwa mambo yale yale, Home Office wanaweza kuendelea na ndege, na utahitaji amri ya kusimamisha kutoka kwa jaji. Hapo ukweli wote unatakiwa uwe mezani, mabaya na mazuri: dai la kwanza lilikataliwa lini, jaji alisema nini, notisi ya ndege ulipata siku gani, kwa nini unakuja sasa. Jaji wa zamu ya usiku ana saa moja na simu, akigundua baadaye mmemficha hukumu ya zamani, amri inaondolewa na aliyeandika anaitwa kujieleza.

Mstari wa kuchezea mchakato uko wapi

Kurudia sio kosa. Mahakama ya Rufaa ilishasema 1996, kesi ya Mnaijeria, kwamba mtu anaweza kuleta dai la hifadhi zaidi ya mara moja, kwa sababu wajibu wa kutomrudisha mtu kwenye mateso hauishi kwa sababu alishawahi kukataliwa. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba ukirudia mara ya pili ni jinai.

Kinachoitwa matumizi mabaya ni vitu hivi. Kupeleka karatasi zile zile na jalada jipya. Kukaa na ushahidi kabatini makusudi ili utoe kidogo kidogo kila ukikataliwa. Kufungua JR ya pili juu ya uamuzi ule ule uliokwisha kukataliwa. Kusubiri mpaka jioni ya kuamkia ndege na jambo ulilolijua miezi sita. Kubadili uraia au jina bila kueleza. Ukiendelea kufungua zisizo na msingi, mahakama zina amri ya kukuzuia kufungua nyingine bila ruhusa ya jaji kwanza, na kila kitu kinaingia kwenye faili kinachosomwa na ofisa wa dai lako linalofuata, hata siku utakapokuwa na la kweli. Hilo la mwisho linaniuma zaidi, kwa sababu nimeona watu wenye dai zuri la sasa wanaosomwa kwa jicho la madai matatu mabovu waliyoandikiwa na mtu wa mtaani.

Mawakili nao wanashikwa. Toka 2012 kuna utaratibu unaitwa Hamid, wakili anayefungua kesi za dakika za mwisho zisizo na kichwa wala miguu anaitwa mbele ya majaji ajieleze na anaweza kupelekwa kwa msimamizi wa taaluma yake. Juni 2025 Mahakama Kuu iliutumia huo huo kwa mawakili walioweka kesi ambazo hazipo, na ikaonya wazi kuhusu programu za akili bandia zinazobuni kesi. Kwa hiyo mkijiandikia wenyewe kwa hizo programu, tafuteni kila kesi mliyoitaja muione kwa macho, isipoonekana popote ifuteni.

Anayekuandikia ni nani

Solisita au barista (aina mbili za mawakili wa huku), au mshauri aliyesajiliwa. Msajili wa washauri wa uhamiaji alikuwa anaitwa OISC, toka Januari 2025 anaitwa Immigration Advice Authority, orodha iko kwenye intaneti, tafuta jina kabla ya kutoa senti. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni jinai. Yule kaka wa kanisani au msikitini anayeandika story kwa paundi mia tatu, story moja kwa watu nane, Home Office wanaziona hizo story nane mezani pamoja. Freshi kleimu ya hifadhi inaweza kulipiwa na msaada wa kisheria wa serikali kama wakili anaona ina nguvu, kwa hiyo ulizeni hilo kabla ya kuchanga.

Ukishinda JR

Hupewi makaratasi siku hiyo. Uamuzi wao unafutwa na unarudi kwao wauangalie upya. Kesi nyingi nzuri hata hazifiki kusikilizwa, Home Office wanapendekeza makubaliano ya kuandikwa na mahakama kwamba watatoa uamuzi mpya, mara nyingi ndani ya miezi 3. Kabla wakili hajasaini hakikisheni tarehe imeandikwa, kwamba mnaruhusiwa kuongeza ushahidi, na nani analipa gharama. Halafu msikae. Tumeni chochote kilichotokea tangu bahasha ya kwanza, ripoti ya daktari iliyochelewa, habari mpya za nyumbani, maelezo mapya ya binamu, kwa sababu uamuzi mpya unaweza kuwa wa kukataa tena, na ukikataliwa safari hii ofisa atakuwa amejifunza kuandika barua isiyo na lile kosa la aya ya 22. Ile tarehe ikipita kimya, wakili aandike siku inayofuata.